Kamba Huliwa, Ubao Ukabaki

Mawe huacha magofu. Kamba haiachi kitu. Atembeaye leo Kilwa Kisiwani, Gedi, Pate au Tumbatu huziona kuta za matumbawe, mihirabu, visima na makaburi, na kwa hayo huweza kukisia maisha ya watu wa zama zile. Lakini vyombo vilivyowaletea watu hao sahani za China na shanga za India, na vilivyowachukulia boriti za kutilia dari majumba hayohayo, havikuacha gofu. Ubao ulioza, tanga likawa vumbi, na kamba iliyoushika ubao kwa ubao ikarudi kuwa matope yale ilikotoka. Ndiyo maana historia ya mwambao imesomwa zaidi katika jiwe kuliko katika kamba, hali boriti ya nyumba ya mawe ilifika pwani juu ya chombo kilichoshonwa.

Kamba inayokusudiwa hapa si ya kufungia chombo gatini, wala si ya kupandishia tanga. Ni ile iliyokuwa ndani ya mwili wa chombo chenyewe, ikipita kutoka ubao hadi ubao mithili ya uzi katika kanzu. Chombo hicho ndicho mtepe. Uliundwa zaidi katika visiwa vya Lamu na mwambao wa Wabajuni. Ulikuwa na mlingoti mmoja na tanga la mraba lililosukwa mfano wa jamvi. Omo yake ilijitokeza mbele kama shingo ya ngamia, ikachorwa macho, na imesimuliwa pwani kwamba umbo lile ni kumbukumbu ya ngamia wa Mtume. Ndugu yake, dau la mtepe, alikuwa wa mshono uleule, ila umbo la omo na tezi lilitofautiana. Mbao za vyombo hivi ziliunganishwa ukingo kwa ukingo kwa vijiti vya mti, kisha zikashonwa kwa kamba za usumba, na mataruma nayo yakafungwa kwa kamba. Pale ambapo fundi wa jahazi angepigilia msumari, fundi wa mtepe alipitisha uzi.

Mshono huo ni wa kale kuliko misikiti yote ya mwambao. Katikati ya karne ya 1 B.K. mfanyabiashara mmoja wa Misri, aliyeandika kwa Kiyunani, alitunga kitabu cha mwongozo wa bahari kijulikanacho kwa jina la Periplus. Ndani yake anaitaja bandari ya mwisho ya soko katika pwani ya Azania, nayo anaiita Rhapta. Jina hilo, asema, limetokana na vyombo vya hapo vilivyoshonwa, kwani katika Kiyunani neno lenyewe lina maana ya kushona. Wataalamu wangali wakibishana mahali palipokuwa na bandari hiyo. Lakini juu ya jina lake hapana ubishi. Mji wa kwanza wa pwani hii kutajwa kwa sifa ya kazi ya watu wake ulitajwa kwa sifa ya mshono. Haukutajwa kwa dhahabu wala kwa pembe, ingawa pembe za ndovu ziliuzwa hapo. Mwandishi huyohuyo anavitaja vyombo vya kushonwa katika kisiwa cha Menouthias, ambacho wengine hudhani ni Unguja, wengine Pemba, wengine Mafia, na asema watu wake walivitumia kuvulia samaki na kasa.

Zaidi ya miaka elfu moja baadaye wasafiri Waislamu walikikuta chombo hicho katika bahari hiihii. Ibn Jubayr, mtu wa Andalusia aliyekuwa safarini kwenda Hija, alifika bandari ya Aydhab katika Bahari ya Shamu mwaka 1183. Aliona majahazi yaliyoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila ya msumari hata mmoja, akaeleza jinsi makumbi yalivyopondwa hata yakawa nyuzi, na jinsi chombo kilivyopakwa samli au mafuta ya mbarika au mafuta ya papa. Naye akayasifu ya papa kuwa bora kuliko yote. Ibn Battuta, aliyezuru Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliandika habari za kamba hiyo alipokaa visiwa vya Maldivi. Kwa maelezo yake, makumbi huloweshwa katika mashimo ya ufuoni, hupigwa kwa nyundo za mti, kisha wanawake huyasokota, na kamba zake hupelekwa India, China na Yemen. Na Wareno wa Vasco da Gama walipofika Msumbiji mwaka 1498 waliona vyombo vya wenyeji vikubwa kwa kiasi, visivyo na misumari, mbao zake zimeshikwa kwa kamba, na matanga yake ni majamvi. Anayeyasoma maelezo hayo ya mwisho hawezi kukosa kuuona mtepe ndani yake.

Kwa nini kamba na si chuma? Wageni walijibu swali hili kwa hekaya kabla ya kulijibu kwa akili. Ilisimuliwa kwamba katika bahari ya Hindi mna majabali ya sumaku, na kwamba chombo chenye misumari kikipita karibu nayo misumari huchomoka yote, mbao zikatawanyika juu ya maji. Procopius, mwanahistoria wa karne ya 6, aliikanusha hekaya hiyo kwa hoja nyepesi: vyombo vya Warumi vyenye chuma vilipita katika Bahari ya Shamu na havikupatwa na lolote. Jawabu la Ibn Battuta lina uzito zaidi. Bahari hii, asema, ina miamba mingi; chombo cha misumari kikigonga mwamba huvunjika, bali cha kamba hulegea kidogo kikasalimika.

Jawabu hilo kila nahodha wa mwambao angelielewa bila ya kuelezwa. Bandari nyingi za kale za pwani hii hazikuwa na gati. Chombo kiliingia na maji yakijaa, kikakaa chini maji yakipwa, kikalala ubavu juu ya mchanga, tope au matumbawe, kikapakiwa na kupakuliwa hapo. Kisha maji yakajaa tena, kikanyanyuliwa, na katika kunyanyuliwa huko kikabamizwa mara mia kabla ya kuelea. Mwili mgumu huyapokea mapigo hayo yote mahali pamoja. Mwili ulioshonwa huyagawa: ubao husogea kidogo juu ya ubao wa pili, kamba hunyooka na kurudi. Usumba una sifa hiyo kuliko nyuzi nyingi nyingine, kwani huvutika bila ya kukatika na hustahimili maji ya chumvi. Hata mabaharia wa Ulaya, waliokuwa na chuma tele, walipenda kamba za usumba kwa kutengenezea matakia ya kuning'iniza ubavuni, ili chombo kinapokaribia gati kamba ndiyo isuguliwe na ubao usiguswe. Kazi ya kamba ni ileile, iwe ndani ya mshono au nje ubavuni: huliwa yenyewe ili ubao usiliwe.

Lakini kiliwacho huisha, na kiishacho sharti kirudishiwe. Hapa ndipo ilipo siri ya chombo cha kushonwa, na ndipo wengi walioandika juu yake walipopita haraka. Wamesifu jinsi kilivyoundwa mara ya kwanza. Uhai wake haukuwa katika kuundwa. Ulikuwa katika kushonwa upya. Ubao wa mti mgumu huweza kudumu umri wa mtu na zaidi. Kamba haidumu hivyo. Jua huikausha, chumvi huiganda, mchanga huisaga, na mahali inapopinda juu ya ukingo wa tundu huliwa kidogo kidogo kila chombo kinapoyumba. Wahenga wamesema kamba hukatikia pembamba; katika mtepe pembamba palikuwa kila tundu, na matundu yalikuwa kwa maelfu. Basi kwa kadiri ya umri wake na kazi yake, chombo kilipandishwa pwani, kamba za zamani zikakatwa, na mpya zikatiwa.

Kazi hiyo ilianza mbali na chombo, nayo ilianza kwa wanawake. Makumbi ya nazi yalifukiwa ufuoni, mahali panapofunikwa na maji yakijaa na kuachwa wazi yakipwa, katika mashimo yaliyozungushiwa mawe ili yasichukuliwe na mkondo. Yalikaa humo miezi kadha. Maji ya chumvi yaliila nyama laini ya kumbi, zikabaki nyuzi ambazo maji hayaziwezi. Makumbi yakafukuliwa yakiwa meusi, yenye harufu isiyosahaulika, yakapondwa kwa gongo, yakaoshwa na kuanikwa. Usumba uliopatikana ulisokotwa kwa viganja, uzi juu ya uzi, hata ukawa kamba. Yeyote aliyepita pwani ya mashariki ya Unguja maji yakiwa yamekupwa amewahi kuyaona mashimo hayo na kuusikia mdundo wa magongo, kwa maana kazi hiyo imeendelea huko baada ya mtepe kutoweka. Ibn Battuta aliitaja kazi ya wanawake wa Maldivi katika karne ya 14. Jina la hata mmoja wao hakulitaja. Wa mwambao wetu hawakupata hata hilo. Nahodha hukumbukwa kwa safari zake na fundi kwa chombo chake, lakini mikono iliyosokota kilichoshika ubao kwa ubao haikuandikwa popote.

Kamba ikiwa tayari, zamu ikawa ya mafundi. Chombo kilipandishwa kwa maji ya bamvua na kutegemezwa kwa magogo. Vizibo vya matundu viligongwa vikatoka, kamba mbovu zikakatwa na kuvutwa, matundu yakasafishwa. Hapo mbao zilionekana kama zilivyo, bila ya pambo, na fundi aliweza kujua upi ungali mzima na upi umeshaliwa na wadudu wa baharini. Ulio mbovu uliondolewa peke yake, mwingine ukachongwa kwa tezo na kutobolewa kwa keekee, ukatiwa mahali pake. Kwa hiyo kushona upya kulikuwa pia kukagua, na chombo hakikuweza kuuficha ugonjwa wake kwa miaka mingi.

Kushona kwenyewe kulitaka watu wawili, mmoja ndani na mmoja nje. Kwanza tita la usumba lililazwa juu ya kiungo cha mbao mbili, kisha kamba ikapitishwa tundu la juu na tundu la chini, ikivuka juu ya tita hilo na kulikandamiza. Wa ndani alipitisha, wa nje alipokea na kurudisha. Kila pito lilivutwa kwa kijiti hata kamba ikalia, na kijiti kingine kikachomekwa katika tundu ili kamba isilegee wakati pito la pili likitiwa. Wawili hao hawakuonana, kwani baina yao ulikuwapo ubao. Ila kila mmoja aliujua mvuto wa mwenzake kwa mkono. Mpenzi wa ushairi hataona taabu kuifahamu kazi hiyo. Mshororo nao una ukwapi na utao, kipande cha kwenda na kipande cha kurudi, na kina ndicho kivutacho kimoja kiufikie kingine. Lugha yenyewe imeuhifadhi undugu huu, kwa maana shanga hutungwa, samaki hutungwa, na shairi hutungwa. Na katika yote matatu kisichoonekana ndicho kishikacho.

Mshono ulipokwisha, matundu yalizibwa, na chombo kikapakwa. Sehemu za juu zilipakwa sifa, yaani mafuta ya samaki, na chini kikapakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa. Ndipo kilipongojewa bamvua nyingine ya kukirudisha majini.

Haifai kuusifu mshono huu kana kwamba haukuwa na ila. Mtepe ulivuja. Ulivuja ukiwa mpya na ukavuja zaidi ulipokuwa mkuukuu, na katika safari ndefu palihitajika mtu wa kufua maji ngamani mchana na usiku. Kila kushonwa upya kuliuweka chombo nchi kavu, na chombo kilichoko nchi kavu hakimletei mwenyewe faida. Msumari, kwa upande wake, ulitoa ahadi tamu: pigilia mara moja, upumzike. Misumari ilipokuwa ghali na haba, ahadi hiyo haikuwa ya kila mtu. Ilipopatikana kwa wingi na kwa bei nafuu katika karne ya 19, jahazi na mashua za kupigiliwa zilizidi kuenea. Mtepe ulibaki katika biashara ulioiweza kuliko wengine, nayo ni ya boriti za mikoko, kwa kuwa uliingia katika vijito vyenye maji machache, ukakalia tope bila ya kuumia, ukapakia na kuondoka na maji yakijaa. Kwa boriti uliishi, na mwanzoni mwa karne ya 20 ulikuwa ungalipo katika maji ya Lamu na Zanzibar. Karne hiyo haikufika nusu, mtepe ukawa ni habari ya kusimuliwa. James Hornell, mtaalamu wa vyombo vya kale, alipochapisha makala yake juu ya mtepe na dau la visiwa vya Lamu mwaka 1941, alikuwa akiandika kama aandikaye tanzia.

Husemwa kwamba mtepe uliuawa na msumari. Usemi huo ni kweli nusu. Chombo kinachopaswa kushonwa upya huhitaji vitu vitatu visivyokatika: mwanamke wa kufukia makumbi, fundi wa kuvuta kamba, na kijana wa kumtazama fundi akivuta. Kila mara chombo kilipopandishwa pwani, kazi yote ilifanywa tena mbele ya macho ya watoto, na elimu ikahamia kwao bila ya kuandikwa. Chombo cha misumari hakina darsa la kila msimu la namna hiyo. Mitepe ilipopungua, darsa zilipungua. Darsa zilipokoma, hata aliyetaka mtepe hakumpata wa kumshonea.

Ushahidi wa jambo hilo umeonekana kila palipofanywa jaribio la kuufufua mshono. Tim Severin alipotaka kwenda China kwa chombo kilichoshonwa, kiliundwa Sur katika Omani mwaka 1980 na kuitwa Sohar. Kamba na washonaji walitafutwa visiwa vya Lakshadweep, kwa sababu huko ndiko kazi hiyo ilikokuwa haijasahauliwa mikononi. Chombo kilifika China mwaka 1981. Vivyo hivyo Jewel of Muscat, iliyoundwa Omani kwa mfano wa chombo cha karne ya 9 kilichozama karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, na kuwasili Singapore mwaka 2010, ilishonwa kwa msaada wa mafundi wa India. Fedha zilinunua mbao na nazi. Mikono haikununulika madukani. Ilibidi ifuatwe mahali ambapo haijapata kupumzika.

Zanzibar nayo ilifanya lake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtepe mzima uliundwa na kuwekwa katika ukumbi wa Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883 na lililokuwa limefanywa makumbusho. Ilikuwa heshima kubwa, na watoto wengi wa shule waliuona mshono kwa mara ya kwanza mle. Lakini ulikuwa mtepe usiogonga mwamba wala kufuliwa maji. Kamba zake hazikusuguliwa na kitu, basi hazikuhitaji kurudishiwa, na kwa kuwa hazikuhitaji kurudishiwa hapakuwa na haja ya kijana wa kujifunza kuzirudishia. Makumbusho huhifadhi chombo. Mshono huhifadhiwa na bahari.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib iliporomoka, na watu wakapoteza maisha. Jumba lile lilikuwa fahari ya chuma na mawe, lenye nguzo za chuma zilizoletwa kutoka ng'ambo, na lilianguka likiwa katika matengenezo yaliyokuwa yamengojewa miaka mingi. Wahenga walikwisha kuonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Chuma nacho huliwa, ila huliwa kwa siri. Kutu hufanya kazi yake ndani ya ukuta pasipo kumwita mtu. Kamba haina siri. Hulegea mbele ya macho, huvuja, humlazimisha mwenyewe arudi pwani na kukaa na mafundi. Kilichohesabiwa kuwa ni udhaifu wa mtepe ndicho kilichowafanya watu wasiusahau kwa miaka isiyopungua elfu.

Leo madau na mashua za mwambao hubeba tairi kuukuu ubavuni, zikapokea msuguano ambao zamani ulipokewa na kamba, na kamba zenyewe nyingi ni za nailoni. Hapana wa kulaumiwa: mvuvi hutumia kilichoko na kinachomfaa. Lakini magongo ya makumbi bado hayajanyamaza kabisa ufuoni, na maadamu yupo asokotaye, uzi wa kwanza wa mshono haujakatika. Mabaharia wana msemo wao: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Huko ngamani, mahali pa maji na giza, ndiko mshono unakokaguliwa; na kila kizazi kitateremka kutazama kama kamba kilizorithi zingali zikishika.